Koti Linalogeuka Paa

Wadogo zangu wa klabu ya matembezi, Jumamosi iliyopita mwalimu wetu wa klabu, Madam Neema, alinitaka nisimame mbele yenu niseme machache kabla ya kukabidhi ufunguo wa stoo. Mliokuwepo mliona. Nilisimama, nikatazama viatu vyangu, nikasema "asanteni", nikaketi. Hamisi akapiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka nikatamani sakafu ya darasa ipasuke nitumbukie.

Kuandika ni tofauti. Kwenye daftari hakuna anayenitazama. Nimekuwa mtunza stoo tangu kidato cha kwanza, sasa namaliza cha nne, na kwa klabu yetu huko ndiko kustaafu. Nina miaka kumi na minane na goti moja linalolalamika nikishuka mlima, kwa hiyo naomba mniruhusu nizungumze kama wastaafu wengine: bila haraka, nikiruka huku na kule.

Nitawaeleza kitu kimoja tu, koti la mvua. Si koti lolote. Ni lile la klabu yetu, linalovaliwa njiani na kugeuka paa mkifika. Mnayaona yamekunjwa kwenye rafu ya juu, sita, kila moja na rangi yake, mnadhani yalikuwepo tangu shule ilipojengwa. Hayakuwepo.

Mimi nilikuta hema. Moja, la turubai nene, la kulala watu wanane na la kubebwa na watu wanne, na hao wanne wakifika hawataki kusikia habari ya matembezi tena. Nguzo zake tatu zilikuwa zimeshahamia uani kwa mwalimu mmoja, zinaanika nguo. Mvua ikinyesha njiani hema halikusaidii chochote, maana limekunjwa mgongoni mwako, linanywa maji, linazidi kuwa zito. Ukitaka kujikinga ulete koti lako kutoka nyumbani. Na nani ana koti? Wanaoendesha bodaboda wanayo, yale ya vipande viwili, lakini ukitembea nayo kwenye joto letu la Ruangwa unaloa kwa ndani. Tofauti ni kwamba yale maji ni yako mwenyewe.

Basi nilipokuwa kidato cha pili nikajiona nina akili. Baba analima korosho, kama baba wa wengi wenu, na kila msimu wa kupulizia dawa mifuko ya salfa inabaki imerundikwa nyuma ya nyumba. Ndani ya ule mfuko mna mfuko mwingine wa nailoni, mwepesi, mpana, na haupitishi maji. Bure kabisa! Nikakusanya ya kutosha, nikaisuuza kwa ndoo mara mbili, nikakata tundu la kichwa na matundu ya mikono. Makoti manane. Madam Neema alinisifu mbele ya paredi, na usiku ule niliandika kurasa nne kuhusu jinsi nilivyosifiwa.

Tukaenda Nambilanje. Mpaka saa nne jua lilikuwa kali, tumevaa makoti yetu kwa mashauo, jasho linatiririka. Halafu ikaja mvua. Nyinyi mmekulia hapa, mnajua salfa ikikutana na jasho shingoni inafanya nini. Kwanza ni kama unatekenywa. Kisha ni kama siafu. Kisha mtu anajifuta macho kwa mkono uleule, na hapo ndipo vilio vilipoanza. Tuliingia Nambilanje watu wanane, macho mekundu, pua zinachuruzika, tunasaidiana kushikana mikono. Mama mmoja akaacha kutwanga, akatukimbilia.

"Poleni, wanangu. Mmefiwa na nani?"

Hamisi akanionyesha kwa kidole. "Bado hatujafiwa, mama. Huyu ndiye anayetuua."

Ilikuwa siku ya gulio. Tukapelekwa kunawa kwenye bomba karibu na wauza mitumba, na huko ndiko nilikokutana na mtu ambaye leo nataka mumjue. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, amesimama na furushi la nguo kichwani kama mtu aliyevaa kofia tu. Alisogea, akanusa koti langu, akakunja uso.

"Nani kawavalisha dawa ya mikorosho?"

Wenzangu wote wakanitazama, kwa hiyo jibu akalipata.

"Mwali, umeogopa wenzako wataota ubwiri unga?"

Gulio zima likacheka. Ubwiri unga ni ule ugonjwa mweupe wa majani ya mikorosho, na kwa mwaka mzima uliofuata ndilo jina nililoitwa shuleni. Mimi nilichoangalia ni kitu kingine. Mvua ilirudi palepale tuliposimama. Yule bibi akashusha furushi, na ile ngata aliyokuwa ameliwekea kichwani akaitikisa mara moja. Haikuwa kanga. Ilikuwa kitambaa kipana, chembamba, cha rangi ya udongo mwekundu, na matone yalikuwa yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Akafunika furushi lote, akabana kingo kwa mawe. Yeye mwenyewe akabaki nje na gauni lake.

Mimi huwa sisemi na watu nisiowajua. Siku ile nilisema. "Bibi, unaloa."

"Nguo hizi zikiloa, leo silali nimekula. Mimi nikiloa nakauka."

Kisha akachukua fito mbili, akainua upande mmoja wa kitambaa, akapenyeza mgongo wake, na papo hapo ile ngata ikawa kibanda. "Haya, ingieni, nyie wafiwa." Tuliingia wanane, tukabanana na furushi, na hakuna tone lililotufikia. Ngata, kifuniko, kibanda. Kitu kimoja, chepesi kuliko kanga mbili. Niliandika neno "ngata" kwenye daftari nikalipigia mistari mitatu chini.

Jina lake Bi Somoe. Anatembea kwa miguu kutoka gulio hadi gulio, na kila wiki anafika Nandagala, karibu na kwetu. Nikaanza kumfuata. Mara tatu za kwanza alinikataza kununua chochote. "Leo shika tu." Nashika nguo moja baada ya nyingine, naye amefumba macho anashika zilezile upande wa pili, ananiambia hii inapitisha, hii haipitishi, hii ilikuwa haipitishi ila imezeeka. Hakosei. Nimemjaribu kwa hila zote. Siku moja nilimpa kitambaa kimoja mara mbili, nikijifanya ni viwili tofauti. Akasema, "Hiki tumekwishasalimiana."

Haya niliyafunzwa pale, kwenye turubai lake la mitumba, na naomba myashike maana siku moja stoo itahitaji koti la saba.

Usikimbilie dukani. Koti jipya zuri ni la bei ya mbuzi, na jipya baya ni la bei ya kuku lakini linachanika kwenye mwiba wa kwanza. Pekua mitumba. Huwa zinaingia nguo za watu wa nchi za baridi wanaopanda milima, na vipande vya mahema yao, na wanunuzi wengi hawavitaki kwa sababu havifai kuvaa kwenye harusi. Ukipata, weka mdomo kwenye kitambaa, mkono nyuma yake, upulize. Ukisikia pumzi kiganjani, kirudishe. Usiposikia, kikunje kama bakuli, mwagia maji, kaa mnywe chai na muuzaji. Chai ikiisha, pitisha kidole chini. Pakiwa pakavu, anza kuongea bei, na usionyeshe furaha.

Angalia na upande wa ndani. Mimi nilinunua cha kwanza kwa pesa ya mfukoni mwangu, cheusi, kinang'aa, nikajiona bingwa. Bi Somoe alinitazama akanyamaza. Nyumbani nikakikunjua: kinanata kama gundi ya karatasi, kinanuka kama maziwa yaliyoharibika, na utando wa ndani unabanduka vipande vipande. Gulio lililofuata nikamrudia nimekasirika.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesahau. Sasa hutasahau mpaka uzeeke."

Kweli sijasahau. Kile kitambaa bado kipo stoo, chini kabisa, mnafutia matope.

Uzito: kikunje, kishike na pakiti ya sukari mkono wa pili. Kikizidi nusu kilo, ni mzigo, si koti. Upana: mtu wa wastani akilala chini yake, kibaki kama dhiraa moja kila upande. Rangi: chagua inayoonekana mbali, maana ya majani makavu ukiiacha porini huioni tena. Mshono wowote, usugue kwa mshumaa pande zote mbili, kisha uukandamize kwa chupa. Pembeni msitoboe matundu ya kamba, yanachanika. Wekeni korosho ghafi kwenye kona, viringisheni kitambaa juu yake, fungeni kamba shingoni pake. Korosho ni laini, haina ncha, haikati. Mawe yanakata. Nitawaonyesha ushahidi baadaye.

Tundu la kichwa ndilo lilinisumbua. Koti lazima liwe na tundu, paa halitaki tundu. Nilishona na kufumua kwenye cherehani ya mama mpaka akanikataza kuigusa. Bi Somoe ndiye aliyetatua, kwa kunicheka. "Kofia si unayo? Ifunge shingo, uivute juu kwa kamba." Yaani kofia ya koti inafungwa kama mdomo wa mfuko, inaning'inizwa juu, na pale palipokuwa panavuja panakuwa ndipo kilele cha paa. Nilimtazama yule bibi ambaye hakumaliza darasa la tatu nikaona haya kuwa mimi nasoma jometri.

Sasa niwaambie kwa nini yote haya yalikuwa na haraka.

Zuhura alijiunga na klabu akiwa kidato cha pili, mimi nikiwa cha tatu. Mnamjua, na yeye mwenyewe hafichi: ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Akipigwa baridi, akiloa, mifupa yake inaweza kumshika akalazwa. Safari ile ya siku mbili, kutoka kwetu hadi Mnero, aliitaka kuliko kitu chochote. Baba yake ni mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka mkoa mwingine, mtu wa kunyoosha maneno. Madam Neema alinichukua tukaenda kumwomba. Nilibeba koti la Zuhura, la rangi ya chungwa, nililolishona kwa kipande cha hema ambacho Bi Somoe alikificha wiki mbili asikiuze. Baba Zuhura akalipuliza, akalimwagia maji sebuleni kwake, akalitazama sana.

"Nitawasubiri Mnero na pikipiki," akasema. "Nikimkuta mkavu, ataendelea na klabu yenu. Nikimkuta ameloa, msije tena hapa kuniomba."

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake vya miguu.

Siku ya kwanza jua lilituchoma tu. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja akabandukwa na soli ya kiatu, Madam akabaki nyuma naye na wengine kuishona kwa waya. Sisi sita tukaambiwa tutangulie polepole mpaka kwenye korongo tusubiri. Tulipofika korongoni, maji mekundu yalikuwa yanapita yanavuma, na mbingu ya upande wa Mnero ilikuwa imekuwa nyeusi. Tukavaa makoti. Kisha upepo ukaja kwa ubavu, na mvua nayo ikawa inakuja kwa ubavu, inapenya chini ya koti, miguuni, kwenye mikono.

Kitu kimoja Bi Somoe hakunifundisha, kwa sababu yeye hutembea peke yake: koti linalogeuka paa, wakati unapohitaji paa ndipo unapokuwa umelivaa. Ili kujenga, lazima mtu avue. Tulisimama sita kama kuku, kila mmoja amejikunyata ndani ya rangi yake. Zuhura alikuwa katikati. Midomo yake ilianza kubadilika.

"Tutembee tu," mtu akasema.

"Kwenda wapi? Huoni maji?"

Hakuna aliyetikisika. Kiongozi wa msafara alikuwa Hamisi, na Hamisi alikuwa anasubiri Madam atokee. Nami nilijua kila hatua ya kufanya, moja baada ya nyingine, nilikuwa nimeiandika na kuichora. Nilichokosa ni sauti. Nawaambia ukweli, nilisimama pale nikihesabu pumzi zangu, naogopa kupiga kelele kuliko nilivyoiogopa radi.

Kisha nikalivua koti langu. Mvua ikanipiga kama imenisubiri. Nikasikia mtu anapaza sauti, kumbe ni mimi.

"Tuvue watatu! Hamisi, vua!"

"Mimi? Tutaloa, Mama Stoo!"

"Sisi tukiloa tunakauka! Yeye hakauki! Vua!"

Hamisi alinitazama kana kwamba bomba la shule limeongea. Akavua. Wa tatu akavua. Wawili na Zuhura wakabaki wamefunikwa. Tukaenda mbali na mti mkubwa, kwenye mwinuko kidogo wa shamba lililolala, tukachomeka fimbo zetu, koti la kwanza chini upande wa upepo, la pili likilalia la kwanza, la tatu likilalia la pili, kama nyasi za paa. Kofia tukazivuta juu.

"Korosho za kona!" nikasema.

Hamisi akaanza kukandamiza fimbo iliyokwisha kusimama.

"Hamisi, mfuko wa korosho uko wapi?"

"Jana jioni," akasema Hamisi, "si tulikuwa na moto..."

Alikuwa amezichoma akazila. Zote. Ilibidi tuokote mawe ya njiani, na mawe yale yana meno. Kona ya koti la kijani ikachanika palepale, paa likaanza kupepesuka. Zuhura alikuwa ameshaingia, amekalia mabegi, miguu tumemfunga kanga kavu. Akanyoosha mkono nje ya koti lake, akaidaka ile kona, akaivuta.

"Acha, utaloa," nikamwambia.

"Dada, mnanifanya yai." Meno yanagongana, lakini anacheka. "Acheni na mimi nifanye kazi."

Aliishika ile kona kama saa nzima. Hakubadilisha mkono hata mara moja. Tuliacha ncha zote mbili wazi pumzi zitoke, maana pumzi za watu sita zikifungiwa zinanyesha zenyewe. Sisi watatu tuliokuwa tumeloa tukakaa upande wa upepo, tukawa ukuta. Hamisi alipiga chafya kumi na moja. Nilizihesabu, sikuwa na kazi nyingine.

Korongo lilipopungua Madam naye akafika, akatuvusha mmoja mmoja. Jioni tukaingia Mnero. Baba Zuhura alikuwa amesimama karibu na zahanati, ameegemea pikipiki, amevaa koti lake kubwa la mvua. Hakusalimia. Akaweka kiganja mgongoni mwa binti yake, chini ya sweta. Kikavu. Akashika shingo, kavu. Akainama akapapasa soksi, nazo kavu. Akashika mkono wa kulia. Kutoka kiwiko hadi vidoleni sweta lilikuwa linachuruzika.

"Na hapa je?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona safari zote za Zuhura zikiishia kwenye ule mkono.

"Nilikuwa nashika paa, baba," akasema Zuhura.

Baba yake akatutazama sisi, mmoja mmoja. Hamisi anatetemeka. Mwenzake anatetemeka. Mimi nguo zimenigandama, maji yananitoka kwenye nywele. Kisha akafungua zipu ya koti lake, akalivua, akanivika mimi. Lilinifika miguuni.

"Safari ijayo ni lini?" akamuuliza Madam.

Nilipomsimulia Bi Somoe gulio lililofuata, alikuwa anakunja masweta. Aliuliza swali moja.

"Na mzigo?"

"Ulikuwa mkavu, Bi Somoe. Isipokuwa mkono mmoja."

"Basi biashara imekwenda," akasema, akaendelea kukunja. Lakini alipomaliza alinipa ile ngata yake ya udongo mwekundu niishike mpaka jua lizame, na hiyo hampi mtu.

Ufunguo wa stoo nimemkabidhi Zuhura. Baadhi yenu mlinung'unika, niliwasikia, mtu mnyamavu husikia mengi. Jumatatu nilipita stoo kuchukua daftari langu nikamkuta ameshusha makoti yote sita, anayapuliza moja moja, mkono nyuma. Kwenye kitabu cha vifaa, ukurasa mpya, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake: *La kijani. Kona imechanika tena. Nimeishika, nitaishona.*

Mfuko wa korosho ghafi umetundikwa kwenye msumari juu ya mlango, mahali ambapo Hamisi hafiki bila kiti.